Kama Munapenda, Baba

Nchelenge, tarehe 9 mwezi wa kwanza 2024

Kwako bwana yangu Zéphyrin,

Kuku zilikuwa saba. Mama alianza kuzipika asubuhi mapema, na bamama ba kanisa balikuja kumusaidia kusonga ubwali, ugali ya huku. Mu nyumba tuliweka kiti moja ya Baba Méschac, juu baba yangu alikufa na yeye njo mudogo yake, njo mwenye kufungua kinywa ya mukwe. Karibu na mulango tulitandika mukeka yako. Kiti ilibaki bure. Mukeka ilibaki bure. Mimi nikapata message ku simu: "Mvula. Sitakuja." Maneno mbili, Zéphyrin. Hata "pole" ilikushinda kuandika.

Unajua bukwe, desturi ya mukwe ya huku kwa mama yangu. Mukwe mwenye habajamuingiza mu nyumba hakuli na bakwe yake, habasemeshi uso kwa uso, na bibi yake anabaki kwa mama. Tangu ndoa ya kanisa, mwezi wa munane, mimi niko huku nauzisha samaki ku soko ya Kashikishi, wewe uko Lubumbashi, na katikati yetu kuko ziwa na mavumbi yote ya barabara ya Kasenga. Ile siku moja njo ilikuwa ya kutuunganisha.

Na Baba Méschac pia hakufika. Yeye ni komanda, wewe ni kopilote yake, munakaa mu ndege moja, na mvula moja inabakamata bote mbili? Nilimupigia simu. Alijibu: "Muulize bwana yako." Akakata.

Donc nakuuliza. Lakini usinijibu ku simu. Ku simu unasema "ndiyo, ndiyo, sawa," kama mutu anazungumuza na pasta. Andika. Yaya Dédé, kaka yetu mwenye masua, anavuka kila juma kupeleka samaki yangu Kilwa, ngambo yenu ya ziwa, na kule kuko batu ya kuleta barua mpaka kwako. Kama ni kunidanganya, unidanganye na mukono yako, nione herufi.

Mama anasema atangoja mpaka Pasaka. Kisha Pasaka atanyamaza, na kunyamaza ya mama yangu unaijua.

Cadette


Lubumbashi, tarehe 17 mwezi wa kwanza 2024

Muke yangu Cadette,

Pole. Umeona, naijua kuandika.

Barua yako ilifika na harufu ya samaki ya kukausha. Siku ya kwanza niliianika ku dirisha ili harufu itoke. Siku ya pili nikairudisha ndani, juu niliogopa itatoka kweli.

Ilikuwa mvula, sikukudanganya. Mwezi hii mawingu inalala juu ya miji na haitaki kuamuka. Ndege iko ku garage, na kuko mambo ya makaratasi na kampani, mimi na komanda tunangojewa hapa. Ni mambo ya ofisi, usijichokeshe nayo. Wewe unanijua: sina mutu ya kunisemea. Bapilote bengine bako na bayaya yao ku ofisi. Mimi nilianza na kubeba mavalise, masanduku ya basafiri, chini ya ndege ya batu, shule nikajilipia mwenyewe, na ku kampani kila mutu anakumbuka mavalise, hakuna mwenye anakumbuka shule. Kitu kikianguka, banageuza kwanza macho kwangu.

Nikuambie kitu ingine. Saa tunaenda kaskazini na mbingu iko safi, ziwa yako inakuwa upande yangu, ku kuume. Inaonekana kama bati mupya juani. Nchelenge haionekani, ni mbali, lakini nilipiga hesabu ya kilometre na najua ni kipande gani ya bati. Naiangalia mpaka inaisha. Saa tunarudi, ziwa iko ku kushoto, upande ya Baba Méschac, na siwezi kuiangalia, juu itakuwa kumuangalia yeye usoni. Donc nakuona kwenda, kurudi sikuoni.

Kwa sasa sioni ziwa hata upande moja.

Muambie mama anisamehe. Nitakuja.

Na salamu za heshima,
Zéphyrin


Nchelenge, tarehe 26 mwezi wa kwanza 2024

Zéphyrin,

"Hata upande moja." Ni kusema haurushi tena. Ulifikiri nitasoma ile maneno na kuipita?

Yaya Dédé alirudi na habari kutoka Kilwa. Anasema kuko ndege ya Lubumbashi yenye ilitua na majani mu miguu yake, kama mbuzi yenye imetoka kuiba mu shamba ya mutu. Batu ba soko balicheka sana. Mimi nilikaa chini, juu ya kikapo ya samaki, nikaivunja samaki yote. Ilikuwa siku ya ine, mwezi wa kwanza, anasema. Siku mbili mbele ya kuku yangu.

Nikamupigia Baba Méschac tena. Safari hii hakukata. Alisema: "Bwana yako eko kimya sana, Cadette. Kimya ile itatuua siku moja."

Nimeelewa hivi: wewe njo ulishika ndege, wewe njo uliiharibu, na Baba anakufunika. Kama ni vile, sema. Siogopi mutu mwenye kukosa. Naogopa mutu mwenye ananifungia inje na kuniambia ni mambo ya ofisi.

Ulikuwa ndani? Nani alishika? Na wewe ulisema nini?

Cadette


Lubumbashi, tarehe 4 mwezi wa pili 2024

Muke yangu,

Nilikuwa ndani. Baba njo alishika. Sasa soma polepole, juu nimeandika hii barua mara tatu.

Uwanja tulienda iko katikati ya milima. Haina mashini ya kushika ndege mukono mpaka chini. Iko na moja ya kuonyesha njia tu, kushoto ao kuume. Urefu unajipimia mwenyewe, na altimetre. Altimetre ni kama saa ya ukuta, lakini inasoma uzito ya hewa na kukuambia uko juu kiasi gani. Uzito ya hewa inabadilika na mvula. Donc batu ba tour, mnara ya uwanja, banakupa ku radio nambari ya ile siku, unaiweka, na saa inasema kweli. Ukiweka nambari mubaya, saa inadanganya, na inadanganya kwa upole: sindano inatembea vizuri, taa zote nzuri.

Tour ilisema "mille neuf". Radio ilikuwa inakwaruza juu ya radi. Mimi niliweka 1009 ku saa yangu. Baba alisikia "mille dix-neuf", akaweka 1019 ku yake. Nambari moja ni karibu mapie, zile futi, 28. Nambari kumi ni mapie 280, ni kusema metre 85: mikaratusi ine, moja juu ya mwenzake. Ile mikaratusi ine saa ya Baba iliiona chini yetu. Haikukuwa.

Kuko urefu moja tunaita minima. Ukifika pale na hujaona pisti, njia ya kutua, haushuki tena hata kidole. Unapanda, unazunguka, unajaribu tena. Haiko kitu ya haya. Saa ya Baba ilisema minima iko bado chini. Saa yangu ilisema tulisha kuipita, na tuko tunashuka mu wingu nyeupe kama maziwa. Nilikuwa na nambari ya kweli, Cadette. Kazi ya kopilote pale ni neno moja, kwa sauti: "Remise!" Maana yake panda.

Lakini ku kiti ya kushoto kulikuwa baba yako. Habajanifungua kinywa. Kampani inapanga majina bila kuuliza nani ni mukwe ya nani, na tangu mwezi wa kumi namusemesha nikiangalia dirisha. Ile siku pia. Mu ndege kuko kisanduku yenye kushika maneno yote, na ku komisio yenye kuchunguza ile safari balitusikilizisha. Nilisikia sauti yangu ikisema: "Kama munapenda, Baba, mungeangalia tena ile nambari." Baba akajibu: "Mm." Nikanyamaza.

Kisha ikapiga kelele mashini yenye kupima udongo chini ya tumbo ya ndege. Ilisema "panda, panda" kwa Kiingereza, na sauti ya mwanamuke mwenye hakufundishwa adabu. Mashini haina bukwe. Baba akavuta. Tulisikia chini yetu kitu kama fagio inafagia. Tukapanda, tukazunguka, safari ya pili tuliona pisti mbele, na batu nyuma bakapiga makofi. Hakuna mwenye aliumia.

Ku komisio kuko muzungu moja muzee. Aliniuliza:

"Komanda ni baba yako?"

"Hapana, Monsieur. Ni baba ya bibi yangu."

"Njo alimuzaa?"

"Hapana. Ni mudogo ya mwenye alimuzaa."

"Donc si baba yake."

"Kwetu ni baba yake."

Akaandika kitu, akavua miwani. "Na hii 'kama munapenda'. Ni adabu ao ni onyo?"

Balinirudisha nyumbani nifikiri jibu. Tarehe 20 tutaingia Baba na mimi mu chumba moja. Nikisema ilikuwa onyo, Baba amekwisha: alionywa, hakusikia. Nikisema ilikuwa adabu, mimi njo sikuonya, na cheti yangu inaenda, na mavalise yote yenye nilibeba inakuwa bure. Tena Baba njo mwenye kunifungulia kinywa ku nyumba ya mama yako. Nikimuangusha, atakaa ku ile kiti kunikaribisha?

Nilikuficha juu ni jamaa yako. Tena juu ya haya. Nilikuwa na nambari ya kweli na nikaikalia.

Na salamu za heshima,
Zéphyrin


Nchelenge, tarehe 13 mwezi wa pili 2024

Bwana yangu,

Nilimusomea mama barua yako, yote. Alicheka pale pa mashini yenye haina bukwe. Kisha hakucheka tena. Akasema: "Awe, hapana. Nani alimufundisha bukwe huyu mutoto?"

Nikamuambia: hakuna. Alikomalia ku masista, hana baba, hana mujomba, yote alijifundisha peke yake.

"Inaonekana," mama akasema. "Alisoma nusu, akafunga kitabu."

Sikia ile nusu ingine, yenye hata batoto ba huku banaijua. Mukwe hamugusi mama ya bibi yake, hata kidole. Lakini nyumba ikiwaka moto, anamukamata na kitenge, anamutupa inje, na kesho yake hakuna mwenye anamuuliza. Mwaka ya mvula kubwa, jirani yetu Chisala alimubeba mama-mukwe yake ku mugongo kuvuka maji, na njia yote alimutukana juu alikuwa muzito. Yule mama mwenyewe njo alitusimulia, akicheka. Hakuna mwenye alisema Chisala alivunja kitu. Bukwe ni ya siku ya kula, Zéphyrin. Siku ya kufa haiko.

Wewe ulichukua desturi yetu ukaiweka kama ile mille dix-neuf. Sindano ilikuwa inatembea vizuri, taa zote nzuri, na ilikuwa inakudanganya.

Nimekasirika, na sitaificha ndani ya salamu. Ulikuwa tayari kufa na adabu yako na kuniacha mimi na kuku saba. Nilikaa nikipiga hesabu yako ya mikaratusi. Ine. Tena kila asubuhi kuko ndege yenye kupita juu sana, na mimi nainua kichwa, na bamama ba samaki bananichokoza: "Cadette, bwana yako anatutupia nini leo?" Nawajibu atatupa chumvi. Sasa nainua kichwa, na sikishushi mpaka ipotee.

Ya komisio sitakuambia. Yeye ni baba yangu, wewe ni bwana yangu, usinipe mizani ya kupima ile nyama. Naomba kitu moja: mu ile chumba usimuambie mutu "kama munapenda". Na kwangu vilevile. Barua zako zinaisha na "salamu za heshima". Mimi siko ofisi ya kodi.

Cadette


Lubumbashi, tarehe 23 mwezi wa pili 2024

Cadette,

Nilisema.

Muzungu aliuliza tena: adabu ao onyo? Nikamujibu ilikuwa onyo yenye nilivalisha nguo ya adabu, na mu ndege hakuna nafasi ya kuvua nguo. Hakuelewa. Nikasema basi kwa kifupi: komanda aliweka nambari mubaya. Mimi niliiona. Kazi yangu ilikuwa kusema "remise" na nguvu, sikusema.

Baba alikaa karibu yangu, nilisikia pumuzi yake. Alikuwa anageuza kofia yake ku magoti. Balimuuliza kama ni kweli. Alisema: "Ni kweli."

Cheti yangu banaifunga miezi sita, na nirudi shule, nikae na bile vijana vyenye havijaota ndevu. Nimekasirika, siwezi kusema hapana. Mutu ya mavalise anarudishwa ku mavalise mbio sana. Baba habajamuambia kitu, lakini nilisikia banatafuta komanda mupya.

Ku korido nilimufuata. Nilitaka kumusemesha, sijui ningesema nini. Alitembea mbele yangu mpaka inje na hakugeuka. Na mimi sikujua, Cadette, njo kitu inaniumiza: sikujua kama ile mugongo ilikuwa hasira ao ilikuwa bukwe tu.

Nafikiri kiti ile itabaki bure. Niliisukuma mimi mwenyewe, na kweli yangu yote. Kama mama atanyamaza kisha Pasaka, nitaelewa.

Harufu ya samaki imeisha mu barua ya kwanza. Ya pili bado iko kidogo.

Sina salamu za heshima. Nakutamani. Nimeandika ile neno, naiangalia, sitaifuta.

Zéphyrin


Nchelenge, tarehe 12 mwezi wa tatu 2024

Zéphyrin yangu,

Baba Méschac alimupigia mama. Alisema: "Nitakuja siku ya posho, Pasaka itakuwa kesho yake." Mama akamuuliza: "Unakuja kula ao unakuja kukataa?" Akasema: "Nitakuja." Akakata. Jamaa yangu yote banakata simu, umeolea pabaya.

Donc hatujui. Mama anasema atapika, juu kuku haiulizi sababu.

Kuja. Kama ni kukubaliwa, kuja. Kama ni kukataliwa, kuja ukataliwe nikiwa pale, usikataliwe kule peke yako na mugongo ya mutu mu korido. Pita Kilwa, vuka na yaya Dédé. Nilisha kufua mukeka yako, na kuianika, na kuikunja, na jana nikaifua tena bila sababu.

Nitakuwa ku kivuko tangu asubuhi. Kama kuko mvula, usiniandikie maneno mbili.

Cadette yako


Kilwa, siku ya posho, tarehe 30 mwezi wa tatu 2024

Cadette,

Hii barua nitakupa mimi mwenyewe siku nitavuka, lakini naiandika kama unaisoma leo. Mwenye kubeba barua eko hapa na amenikasirikia.

Mvula. Sitakuja leo. Ngoja, usiitupe, soma mpaka chini.

Asubuhi ku kivuko nilikuta Baba Méschac alisha kukaa mbele ya masua. Masua ingine haikukuwa. Nikakaa nyuma, nikamupa mugongo, yeye akanipa yake, na magunia ya unga katikati yetu. Yaya Dédé alituangalia, akasema: "Leo nabeba bubu mbili, na nauli ni ya batu bazima."

Tulitoka na jua. Hatujafika katikati ya ziwa, wingu ikashuka mpaka ku maji. Sikuona tena Baba. Sikuona tena magunia. Simu ya Dédé, yenye kumuonyesha njia, iliingia maji ikafa, na yeye akasema haina neno, ziwa anaijua na pua. Mawimbi ilianza kuingia ndani, na vijana yake mbili bakaanza kutoa maji na bidon. Nilingoja mukubwa aseme. Mukubwa hakusema. Nikasikia mu koo yangu ile maneno inapanda, "Yaya Dédé, kama munapenda…" Nikaimeza. Nikasimama.

"Dédé. Geuza. Tunarudi."

"Rubani anaogopa maji," Dédé akasema. "Wewe ulizoea kuanguka juu ya miti. Mimi nimekomalia ku hii ziwa. Na kuku ya Mama Nsama, mama-mukwe yako, nani ataila?"

"Huoni ngambo. Hujui tuko wapi. Geuza."

Hakugeuza. Akapaaza sauti kule mbele, mu ile weupe, kumuuliza mukubwa: "Baba, tuendelee?"

Hakuna jibu. Nikasema mu roho: imekwisha, leo njo ananilipa ya komisio. Kisha sauti ilitoka mu wingu, ile sauti ya kiti ya kushoto, bila haraka.

"Umesikia komanda."

Dédé akageuza.

Tuko hapa sasa, Baba na mimi, mu chumba moja ya wageni, suruali zetu zinakauka ku kamba moja. Yeye anaangalia ukuta yake, mimi yangu. Hajanisemesha, na mimi sijamusemesha. Lakini kitambo hii aliuliza ukuta yake: "Kesho saa ngapi?"

Nikajibu ukuta yangu: "Tukiona."

Akasema: "Mm." Hapo nyuma ningesema Mm ni Mm. Leo haiko vile: alisikia.

Muambie mama afunike kuku. Ngoja ku kivuko, lakini ukae chini ya bati, usinyeshewe. Kama kesho hatuoni, tutarudi tena Kilwa, tutazunguka, tutajaribu. Natoka hapa saa ngambo itaonekana, na wewe juu yake.

Zéphyrin